Barua ya wazi kwa wanaowapeleka watoto wetu kusoma Marekani

Mkurugenzi Mtendaji na Wajumbe wa Bodi,
Dar es Salaam.

Tanga, 10 Februari 2025

YAH: WATOTO MLIOWAPELEKA MAREKANI, NA SISI WAZAZI MLIOTUACHA GIZANI

Ndugu Mkurugenzi, ndugu Wajumbe wa Bodi,

Salaam. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Jina la shirika lenu sitalitaja. Mnajijua, na wazazi tuliokaa pamoja kwenye ule ukumbi wa hoteli tukionyeshwa picha za mabasi ya njano wanawajua pia. Sijaja hadharani kuwaharibia riziki. Nimekuja kwa sababu mlango wa ndani nimebisha hadi vidole vimeuma. Barua pepe zangu hujibiwa na mashine kwamba ujumbe umepokelewa. Ofisini kwenu nimeandika jina kwenye daftari la wageni, nikaambiwa mhusika yuko safarini, nikapanda basi kurudi Tanga. Nilipompata huyo mhusika kwenye simu, aliniambia kwa upole mkubwa kwamba mwanangu amesharudi salama, kwa hiyo faili lake limefungwa.

Limefungwa kwenu. Huku kwangu binti yuko kidato cha nne pamoja na waliokuwa darasa la nyuma yake. Wenzake aliokaa nao dawati moja walifanya mtihani Novemba, matokeo yao yametoka mwezi uliopita, na sasa wanaulizana nani atapangiwa kidato cha tano wapi.

Mimi si adui wa safari hizi, na naomba hilo lisomwe kabla ya mengine. Binti yangu alikaa Iowa kuanzia Agosti 2023 hadi Juni 2024, na amerudi na mambo ambayo nisingeweza kumpa hapa nyumbani. Anasimama mbele ya watu akazungumza bila kutetemeka. Ameona theluji, amejifunza kupiga tromboni kwenye bendi ya shule, na anatusimulia mashamba ya mahindi yasiyo na mwisho katika nchi ambayo hakuna anayesonga ugali. Mahindi yale, anasema, ni ya nguruwe na ya kutengenezea mafuta ya magari. Bibi yake mpaka leo anaamini hilo ni uongo.

Wala sizungumzii ufadhili wa YES, ule ulioanzishwa na Bunge la Marekani mwaka 2002 na kupewa majina ya maseneta Edward Kennedy na Richard Lugar, ambao vijana wa Tanzania na Kenya wamekwenda nao kwa gharama ya serikali ile. Ninyi ni wa kulipia. Nililipa kwa mkopo wa SACCOS, kwa kiwanja changu cha Pongwe, na kwa mchango wa mjomba wake aliyeko Muscat. Nalisema hili ili asije mtu akaniambia kwamba aliyepewa zawadi hachagui.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Karatasi tulizotia saini.

Siku ile ukumbini tuligawiwa bahasha za fomu, Kiingereza kitupu, tukaambiwa tusaini kila penye alama ya njano na tufanye haraka kwa kuwa zilitakiwa kusafirishwa jioni ile ile. Mimi ni wakala wa forodha. Kiingereza cha karatasi ndicho kinachonilisha. Nikasoma. Pembeni yangu alikuwa mama mmoja kutoka Muheza, naye akaniuliza, "Baba, hapa wanasemaje?" Ukurasa ule ulikuwa unawapa shirika na familia mwenyeji ruhusa ya kukubali matibabu ya mtoto kwa niaba ya mzazi, pamoja na upasuaji na dawa ya usingizi. Nilimfafanulia. Akaweka kalamu mezani, akakaa muda, kisha akasaini, maana ada alikuwa ameshalipa.

Ruhusa yenyewe ina mantiki, kwani mtoto akivunjika mguu usiku hamwezi kungoja mzazi apatikane Muheza. Kosa ni kumsainisha mama yule jambo zito namna hiyo bila kumwambia ni nini. Tangu 2021 lugha ya sheria na ya mahakama katika nchi hii ni Kiswahili. Hakimu anamsomea mwizi wa kuku shtaka lake kwa Kiswahili, lakini mzazi anayekabidhi mtoto kwa watu asiowajua, ng'ambo ya bahari mbili, anaonyeshwa alama ya njano. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wanatafsiri nyaraka na kuzigongea muhuri. Gharama yake, mkiigawa kwa watoto wote mnaowapeleka, haifikii bei ya yale mashati ya nembo mliyowavalisha uwanja wa ndege.

2. Nyumba alizolala binti yangu.

Hapa nitakaa kidogo, mnisamehe.

Shughuli ya kuwapeleka wanafunzi wa sekondari Marekani kwa viza ya J-1, ile ya programu za kubadilishana, ina kanuni zake, na zimewekwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi ile. Nimezisoma, ziko wazi kwa kila mtu. Zinataka mtoto awe amepata familia na shule kabla hajatoka kwao. Zinataka mtoto na familia wajulishwe kwa maandishi habari za kila upande, na waambiwe kama nyumba hiyo ni ya kudumu au ya muda. Zinataka kila mtu mzima wa nyumba ile achunguzwe rekodi ya uhalifu, na nyumba yenyewe ipigwe picha, jiko, choo, na chumba atakacholala mtoto. Familia hailipwi, inampokea mgeni kwa hiari yake. Nazisifu kanuni hizi, zimeandikwa na watu waliokwisha kuona mambo.

Ninyi mlitupa majina ya mume na mke na picha ya nyumba yenye kuta nyeupe na mbwa mkubwa. Mama yake akawafungia kanga na chai ya Usambara. Bibi akawaombea dua. Mwisho wa Septemba, usiku tunazungumza kwa WhatsApp, naona ukuta nyuma ya binti ni wa rangi nyingine. Nikamuuliza uko wapi. Akasema, "Baba, nimehamishwa, wale walikuwa wa muda tu." Walikuwa wa muda tangu siku ya kwanza. Ninyi mlijua, shirika wenzenu wa kule walijua. Sisi tulikuwa tunawaombea dua watu ambao binti yetu alishatoka kwao.

Nyumba ya pili ilikuwa na watoto wadogo watatu. Kwetu tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na sijamlea binti yangu akae kama sultani. Kuosha vyombo, kufagia, kumtazama mtoto wa mwenyeji wakati mama kaenda dukani, hayo yote ni sehemu ya kuishi na watu. Lakini kila Jumamosi, asubuhi hadi usiku, kuachiwa watoto watatu na mkate wa siagi, huko ni kupata yaya wa bure. Kanuni zinamruhusu mwanafunzi kazi ndogo za mara moja moja, kulea mtoto au kukata majani. Jumamosi zote za vuli si mara moja moja.

Nyumba ya tatu ndiyo iliyotuokoa, na ningekuwa mtovu wa adabu nisipowataja wenyeji wale. Ni mtu na mkewe, wazee, Walutheri wa kanisani kila Jumapili. Ramadhani ilipoingia Machi, yule mama alikuwa anaamka alfajiri na binti yangu, anamkaangia mayai ya daku na kukaa naye mezani mpaka anamaliza, kisha anarudi kulala. Hakuna aliyemwagiza. Wala ninyi hamkumwambia kwamba anampokea Mwislamu. Alijua siku binti alipouliza kibla kiko upande gani, na mzee akatoka na dira yake ya uwindaji. Mambo mazuri yaliyotokea kwenye safari hii yametokea hivyo hivyo, kwa bahati ya kukutana na watu wema. Sikuwalipa ninyi kwa ajili ya bahati.

Na kuna jambo moja linaloniuma kuliko Jumamosi zile. Mwanafunzi wa viza hiyo akihama nyumba hutakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 10, na anwani yake mpya huingizwa kwenye mfumo wa serikali ya Marekani. Kwa hiyo serikali ile ilijua kila mara binti yangu analala wapi. Mimi niliyemzaa nililijua kwa rangi ya ukuta.

3. Mratibu wa eneo.

Kanuni zinasema mratibu, yaani mtu wa shirika la kule anayemfuatilia mwanafunzi, awe anaishi ndani ya maili 120 kutoka alipo mwanafunzi, kama kilomita 190. Awasiliane naye kila mwezi. Na mara ya kwanza waonane ana kwa ana. Miezi inayofuata inaweza kuwa simu au barua pepe, lakini kumbukumbu ziwekwe. Binti yangu alimwona mratibu wake uwanja wa ndege na kwenye sherehe moja ya piza. Miezi mingine ilikuja meseji: kila kitu sawa? Naye akajibu kwa picha ya dole gumba. Nadhani dole gumba hilo ndilo lililopo kwenye faili mlilolifunga, na ningependa kuliona.

Mtaniuliza kwa nini mtoto hakusema. Nilimuuliza pia. Akaniambia kwamba kwenye semina ya kuwaandaa walielezwa habari za wanafunzi "wasiokomaa", wale wanaolalamikia familia, wanaopewa onyo la kwanza, la pili, kisha tiketi ya kurudi kabla ya wakati. Mtoto wa miaka kumi na sita anajua kwamba kiwanja cha baba kimeuzwa. Anajua shangazi ameshawatangazia jirani wote. Mkimwambia kwamba anayelalamika hurudishwa, atawatumia dole gumba hata akiwa analia. Waliokwenda naye kutoka Arusha na Mwanza wanasema hivyo hivyo. Kimya chao mkakiandika kwenye taarifa ya mwaka kama kuridhika.

4. Simu ya dharura.

Mlitupa namba ya dharura kwenye kadi nzuri ya plastiki. Inapokelewa saa za kazi, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Wakati wa baridi Iowa iko nyuma yetu kwa saa tisa. Fanyeni hesabu pamoja nami: simu yenu ya dharura iko hewani kuanzia saa tano usiku hadi saa moja asubuhi kwa saa za kule, yaani watoto wakiwa wamelala. Mtoto akiamka na kupatwa na jambo shuleni, kwenye basi, uwanjani au nyumbani, ofisi yenu imeshafunga na mlinzi anasikiliza mpira. Mama wa Muheza alijaribu kupiga saa tatu usiku. Alimpata mlinzi kweli, na kwa haki ya Mungu mlinzi alimsaidia kuliko mtu mwingine yeyote, maana alichukua namba yake na asubuhi akampa mtu.

5. Bima.

Kipeperushi chenu kinasema "bima kamili ya afya". Kanuni za viza ya J-1 zinataka bima isiyopungua dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, na zinaruhusu mgonjwa mwenyewe atoe hadi dola 500 kabla bima haijaanza kulipa. Hilo la 500 hamkutuambia. Wala hamkutuambia kwamba jino bovu halimo. Januari jino la binti lilivimba, na aliyelipa daktari wa meno ni mjomba wa Muscat. Andikeni ukweli kwenye kipeperushi, basi, nasi tutapanga.

6. Mwaka uliopotea.

Haya yote matano ningeweza kuyameza. La sita nimeshindwa.

Kwenye ukumbi ule aliulizwa mzungumzaji wenu, na mwanamume mmoja aliyekaa mbele, je, mtoto akirudi masomo yake ya hapa yatakuwaje? Jibu lilikuwa: "Hatapoteza mwaka." Lipo pia kwenye kipeperushi, ukurasa wa nyuma, kwa herufi nene.

Tuangalie kalenda, ndugu Wajumbe, kwa sababu inaonekana haikuangaliwa na mtu. Mwaka wa shule wa Tanzania huanza Januari. Wa Marekani huanza Agosti na kwisha Mei au Juni. Mlimchukua binti katikati ya kidato cha tatu, mkamrudisha katikati ya kidato cha nne. Nusu ya pili ya kidato cha tatu hakuisoma, mtihani wa mwisho wa mwaka hakuufanya, na nusu ya kwanza ya kidato cha nne ilipita akiwa Iowa. Usajili wa watahiniwa wa mtihani wa taifa ulikuwa umeshafungwa alipotua. Mkuu wa shule hakuwa na kosa lolote. Alichungulia rejesta, akaona jina halipo, akasema ukweli kwamba hawezi kumsajili Juni mtoto afanye mtihani Novemba. Akamrudisha kidato cha tatu katikati ya mwaka. Binti akakaa na wadogo zake akisoma tena mada ambazo nyingine alishazipita na nyingine hakuwahi kuziona.

Alikuja na karatasi ya alama kutoka shule ya Iowa. Alama nzuri: Kiingereza, historia ya Marekani, aljebra, bendi. Mwalimu wa taaluma aliitazama kwa heshima, akaigeuza nyuma na mbele, akauliza baiolojia ya kidato cha tatu iko wapi, Kiswahili kiko wapi, Uraia uko wapi. Karatasi ya mwaka mmoja si cheti cha kuhitimu, na haimpi mtoto chochote cha kuweka mahali pa mtihani wa kidato cha nne. Hili halihitaji mtaalamu. Lilihitaji mtu mmoja kutoka ofisini kwenu amtembelee mkuu wa shule kabla ya safari, wakae nusu saa, waandikiane.

Na sasa nawaletea jambo ambalo nashangaa hamkuliona. Kanuni zile zile za Marekani zinakubali mwanafunzi ambaye hajazidisha miaka 11 ya shule ya msingi na sekondari, au mwenye umri wa kuanzia miaka 15 hadi 18 na miezi sita. Miaka saba ya msingi na minne ya sekondari ni ngapi? Ni 11 kamili. Kanuni zinaruhusu pia kwenda kwa muhula mmoja, si lazima mwaka mzima, na muhula wa pili wa kule huanza Januari. Watoto wetu humaliza kidato cha nne Novemba. Kidato cha tano huanza Julai. Katikati wanakaa nyumbani karibu miezi saba, wengine wakijifunza kompyuta, wengi wakitazama tamthilia na kugombana na mama zao. Mkiwapeleka Januari mkawarudisha Juni, watakuwa wamekwenda na mtihani nyuma yao na wamerudi na shule mbele yao. Dirisha liko wazi kila mwaka. Ninyi mnawapitisha ukutani.

Najua kwa nini, au nahisi. Muhula mmoja una ada ndogo kuliko miwili.

Nimeshasikia majibu yenu kwa simu, na mengine nayakisia, kwa hiyo niyajibu hapa tusipotezeane muda.

Mtasema tulisaini. Tulisaini, na mama wa Muheza alisaini akiwa amesomewa na mtu wa kiti cha jirani.

Mtasema ninyi ni wakala tu, na yanayotokea kule yako mikononi mwa shirika la Marekani lenye kibali. Ada yetu iliingia akaunti yenu ya Dar es Salaam, na risiti ina muhuri wenu. Mnapopokea fedha mko kazini, basi na mkiulizwa muwe kazini vilevile. Shirika la Marekani linawajibika kwa Wizara ya Mambo ya Nje ya kwao, na hilo wanalijua vizuri; ni ninyi tu mnaowajibika kwetu.

Mtasema wazazi wengine hawakulalamika. Wengine wana mdogo mtu kwenye orodha yenu ya mwaka huu. Wamenisihi majina yao nisiyaweke, na nimewaheshimu.

Mtasema kazi hii ni ngumu na uzoefu bado. Kubadilishana wanafunzi kwa mtindo huu kuna umri kuliko wengi wetu. AFS, kundi lililoanza kama madereva wa magari ya wagonjwa katika Vita Kuu ya Kwanza, lilipeleka Marekani wanafunzi 52 kutoka nchi kumi mwaka 1947, ambapo barua ilikwenda kwa meli na mzazi akangoja wiki nyingi. Leo mnayo simu mfukoni. Meseji ya mistari miwili, "Mtoto wenu amehamia kwa familia fulani, mtaa fulani, sababu ni hii", inaandikwa kabla chai haijapoa.

Ninachoomba kinawezekana kabla kundi la Agosti halijaondoka. Fomu zote anazosaini mzazi ziwe na Kiswahili ubavuni, na zitolewe wiki mbili kabla, mtu azipeleke nyumbani akazisome na ndugu zake. Mtoto akihamishwa nyumba, mzazi ajulishwe kwa simu siku hiyo hiyo na kwa maandishi ndani ya siku tatu, pamoja na sababu. Simu ya dharura ipokelewe usiku; kama hamwezi kuajiri mtu wa zamu, mlipeni yule mlinzi, ameshaonyesha anaweza. Semina ya watoto iwaeleze wazi namna ya kulalamika bila kurudishwa, na iwape namba ya simu ambayo Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani imeiweka kwa ajili ya wanafunzi wenyewe.

Kuhusu shule, nataka mambo mawili. Maneno "hatapoteza mwaka" yafutwe kwenye kipeperushi leo. Na kuanzia sasa asiondoke mtoto yeyote wa kidato cha tatu bila makubaliano ya maandishi kati yenu, mzazi na mkuu wa shule, yanayosema atarudi darasa gani, tarehe gani, na atasajiliwa mtihani mwaka upi. Anayemaliza kidato cha nne apewe nafasi ya muhula wa Januari, na bei yake iandikwe kwenye kipeperushi kwa herufi zile zile nene.

Kwa binti yangu mwenyewe, na wenzake waliorudi pamoja naye, naomba mlipe ada na gharama za masomo za mwaka huu wanaourudia. Fedha za jino nimemwachia mjomba aamue. Yeye anasema amesamehe, lakini amesema hivyo kwa sauti ya mtu ambaye hajasamehe.

Nangoja jibu la maandishi hadi tarehe 31 Machi, lenye sahihi ya mtu na cheo chake. Lisipofika, barua hii, ikiwa na fomu, kipeperushi na meseji zote, itakwenda kwa shirika lile la Marekani na kwa wizara iliyolipatia kibali. Kiingereza chake nimeshakiandika. Nimesema ndicho kinachonilisha.

Mmetangaza mkutano wa kuandikisha kundi jipya hapa Tanga mwezi ujao. Nitakuja na nakala za kutosha kila kiti, nitakaa mbele, na muda wa maswali ukifika nitainua mkono kama wengine. Mama wa Muheza amesema anakuja pia.

Wenu katika kujali watoto,

Mzazi, Tanga

Nakala: Wazazi wote waliokuwapo ukumbini